Kwenda kuwinda mu jimbo lingine la Marekani: ginsi ya kuchagua fasi ya ayala

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa 9 mupaka wa 11, kuko picha zenye zinafika mu simu za familia za Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia. Ndugu mwenye alipelekwa Marekani kama mukimbizi anasimama ndani ya theluji, amevaa koti ya rangi ya machungwa, mbele yake munyama mwenye pembe za matawi. Watu wa nyumbani wanauliza maswali yaleyale: nani alimupatia ruhusa? Musitu ni wa nani? Nyama yote ni yake? Na sababu gani alisafiri jimbo lingine, kumbe kwake pia kuko milima?

Wakongomani wengi wenye wanasema Kiswahili wanaishi leo mu miji ya mangaribi ya Marekani: Boise kule Idaho, Salt Lake City kule Utah, Denver kule Colorado, Phoenix kule Arizona. Majimbo hayo yote iko na ayala. Lakini kuvuka mupaka wa jimbo moja kwenda kuwinda mu lingine ni kazi ya miezi mingi: sheria inabadilika, bei inapanda, na fasi yenye mutu alichagua inaweza kumurudisha nyumbani na nyama, ao mikono mitupu, ao na barua ya tribinali. Makala hii inaeleza ginsi uchaguzi huo unafanyika.

Munyama mwenyewe

Ayala mwenye tunazungumuzia, kwa Kifaransa anaitwa cerf mulet, juu masikio yake ni marefu na mapana kama ya nyumbu, yule mutoto wa punda na farasi. Jina la kisayansi ni Odocoileus hemionus. Dume anaweza kupita kilo 100. Jike ni mudogo zaidi. Kumutofautisha na ndugu yake wa mukia mweupe, wawindaji wanaangalia mambo matatu. Mukia wake ni mwembamba, ncha yake nyeusi. Pembe zake zinagawanyika mara mbili-mbili kama manati, lakini za mwingine zinatoka mu muti mumoja. Na akikimbia, anaruka kwa miguu yote ine pamoja, kama mupira wenye kudunda.

Tofauti hiyo si mambo ya mapambo. Kuko ruhusa yenye inakubali aina moja tu, na kuko yenye inakubali dume tu. Kuua munyama mwenye hakuandikwa kwenye ruhusa ni kosa, hata kama mutu aliteleza tu.

Ayala huyu hapendi musitu muzito sawa ule wa Maiko ao Ituri. Anapenda milima yenye vichaka, mabonde yenye miti ya hapa na pale, na majangwa ya juu. Anaonekana mbali. Njo maana muwindaji wa kule anapitisha saa nyingi amekaa juu ya kilima na jumeli, bila kutembea. Fasi muzuri ni fasi yenye mutu anaweza kuona mbali na kusogea bila kuonekana.

Munyama wa pori ni wa nani

Mu Marekani, munyama wa pori hana mwenyewe mupaka siku yenye anauawa kwa njia ya sheria. Kila jimbo linamuchunga kwa niaba ya wakaaji wote. Si serikali ya Washington yenye inapanga siku za kuwinda ayala. Ni ofisi ya wanyama ya kila jimbo. Idaho iko na yake, Wyoming yake, Colorado yake, na kila moja inatoa kitabu chake cha sheria kila mwaka. Kile chenye kinaruhusiwa upande huu wa barabara kinaweza kuwa kosa upande ule.

Jambo la pili lenye linashangaza wageni wengi wenye walitoka Congo: nyama ya ayala wa pori haiuzwe. Mutu anaweza kuikula, kuikausha, kuigawia majirani na watu wa kanisa, lakini hapana kuipeleka sokoni. Hakuna soko ya nyama ya pori kule. Na kuacha nyama yenye inafaa kuliwa ikioza mu pori, kwa kutafuta pembe tu, nayo ni kosa mu majimbo ya mangaribi.

Kwetu pia sheria iko. Sheria ya tarehe 28/05/1982 inapanga mambo ya kuwinda: inaomba permi, inapanga misimu na wanyama wenye kulindwa. Ile ya 11/02/2014 juu ya ulinzi wa viumbe inakataza kuua wanyama ndani ya mbuga kama Virunga na Kahuzi-Biega. Tofauti kubwa iko kwenye karatasi na hesabu: kule kila munyama mwenye aliuawa kwa njia ya sheria anafuatana na karatasi yenye namba, na hesabu ya wote inatangazwa kila mwaka. Ni hesabu hizo zenye zinamusaidia mutu kuchagua fasi.

Mukaaji na mugeni

Kwa sheria ya kuwinda, «mugeni» si mutu wa inchi ingine. Ni kila mutu mwenye hajakuwa mukaaji wa jimbo kwa muda wenye unaombwa. Idaho, Utah na Colorado zinaomba miezi 6. Wyoming inaomba mwaka muzima. Kwa hiyo familia yenye imefika Boise mu mwezi wa 7 ingali ya kigeni mu mwezi wa 10 wa mwaka ule ule, hata kama inalipa nyumba na umeme kule.

Jambo hilo linagusa mufuko. Kule Idaho, etiketi ya ayala ya mukaaji inauzwa karibu dola 25. Ya mugeni ni karibu dola 350, na permi ya kuwinda inalipwa pembeni. Ni mara 14. Bei zinabadilika, lakini tofauti hiyo kubwa iko mu majimbo yote. Permi na etiketi ni vitu viwili: permi inasema mutu huyu ana haki ya kuwinda, etiketi inasema ana haki ya kuua munyama mumoja wa aina hii, mu zoni hii, kati ya siku hii na hii. Akishaua, anaiandika na kuifunga kwenye munyama mbele ya kumusogeza.

Kwa mutu mwenye amefika mupya, kungojea miezi 6 kwa kuwa mukaaji kunaweza kumuokolea dola mamia. Hilo ni swali la kwanza la kuchagua fasi, hata mbele ya kufungua ramani: je, ni lazima kusafiri mwaka huu?

Pia kuko masomo. Majimbo hayo yanaomba cheti cha masomo ya usalama wa kuwinda. Idaho inakiomba kwa kila mutu mwenye alizaliwa tangu 01/01/1975. Colorado kwa wenye walizaliwa tangu 01/01/1949. Cheti cha jimbo moja kinakubaliwa mu mengine. Mutu mwenye aliwinda miaka 20 mu pori la Walikale naye ataketi kwenye masomo hayo kama kijana.

Tombola na pointi

Kupata etiketi kunapitia mara nyingi kwenye tombola. Mutu anatuma ombi na feza kidogo, anachagua zoni, kisha anangojea majibu. Lakini tombola hizo hazifanani.

Colorado inatumia pointi za kungojea: mutu mwenye hakupata mwaka huu anapata pointi moja, na wenye pointi nyingi wanapita mbele. Etiketi zote za ayala zinapitia tombola kule tangu 1999. Kuko zoni yenye inapatikana bila pointi, na kuko yenye inaomba miaka mingi ya kungojea.

Nevada inatumia pointi za bahati: pointi zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe. Mwenye pointi 4 anapata nafasi 16 za ziada, mwenye 10 anapata 100. Hakuna mwenye ana uhakika, lakini hakuna mwenye amefungiwa mulango.

Wyoming inachanganya kwa wageni: etiketi 75 kwa 100 zinaenda kwa wenye pointi nyingi, 25 zinabaki kwa bahati tu.

Idaho haina pointi hata moja. Kila mwaka watu wote wanaanza sawa. Mutu mupya na mutu wa zamani wako na nafasi ileile.

Tena majimbo yanapunguza hesabu ya wageni. Arizona haiwapatie wageni kupita 10 kwa 100 ya etiketi za ayala. Montana inatoa kwa wageni permi 17 000 zenye zinachanganya wanyama wakubwa, na zingine kidogo za ayala peke yake.

Majina makubwa yanajulikana na kila muwindaji: Kaibab na Arizona Strip kule Arizona, Henry Mountains na Paunsaugunt kule Utah, bonde la Gunnison kule Colorado. Ni fasi zenye madume ya pembe kubwa sana. Lakini juu kila mutu anazitaka, mugeni anaweza kungojea miaka 15 ao 20, na kuko wenye wanakufa bila kuitwa. Mutu mwenye anatafuta nyama ya watoto hana sababu ya kusimama kwenye musururu ule. Anapaswa kujiuliza kwa ukweli: natafuta pembe ao natafuta chakula? Jibu linaongoza kwenye majimbo mbalimbali na zoni mbalimbali.

Tarehe za kuomba nazo zinatawanyika. Montana na Colorado zinafunga mwanzo wa mwezi wa 4, Nevada mwezi wa 5, Wyoming na Arizona mwanzo wa mwezi wa 6. Tarehe kamili inaandikwa mu kitabu cha mwaka. Mwenye anafikiria kuwinda mwezi wa 9 amechelewa. Watu wenye etiketi waliamua wakati theluji ilikuwa ingali chini.

Kusoma hesabu za zoni

Kila jimbo limekatwa mu zoni zenye namba. Kisha musimu, ofisi inatangaza kwa kila zoni hesabu ya wawindaji, ya wanyama wenye waliuawa, na ya siku zenye watu walipitisha mu pori. Habari hizo ni za bure, mutu yeyote anaweza kuzisoma.

Tuseme zoni A ilipokea wawindaji 1 000, na 350 wakapata. Zoni B ilipokea 100, na 45 wakapata. Kwa haraka mutu atasema B ni muzuri zaidi: 45 kwa 100 kupita 35 kwa 100. Lakini lazima kuuliza maswali mengine. Je, etiketi ya B inapatikana, ao inaomba miaka 8? Je, wale 45 walipita kwa mashamba ya watu wenye wanawafahamu? Zoni A ni kubwa ginsi gani? Watu 1 000 mu kilomita mraba 500 ni soko. Watu 1 000 mu kilomita mraba 4 000 ni mbali kwa mbali.

Hesabu ingine ni ya madume kwa majike 100. Zoni yenye madume 35 kwa majike 100 inamaanisha kuko madume yenye kukomaa. Yenye madume 15 inamaanisha wengi wanauawa wakiwa vijana. Lakini haionyeshe wanyama wote ni wangapi: madume 35 kwa majike 100 ya kundi lenye limekwisha nusu ni kitu kidogo.

Njo maana mwaka mumoja hautoshi. Watu wenye uzoefu wanaangalia miaka 3 ao 5. Kisha wanapiga simu kwa mutaalamu wa wanyama wa eneo. Ofisi zinapokea simu za namna hiyo kila siku, na mutaalamu anajibu vizuri zaidi kama swali ni la karibu. «Ayala wako wapi?» halina jibu. «Kisha moto wa mwaka jana, wanyama walirudi kwenye bonde hili?» liko na jibu.

Udongo ni wa nani

Wageni wengi wanapotezea hapo. Munyama ni wa jimbo, lakini udongo wenye anasimama unaweza kuwa wa mwingine.

Serikali ya Marekani inashika udongo mwingi mangaribi. Ofisi mbili kubwa, ile ya udongo wa taifa na ile ya misitu ya taifa, zinachunga pamoja karibu hektari milioni 177, pamoja na zile za Alaska. Ni sawa na robo tatu ya Congo muzima. Nevada, karibu 80 kwa 100 ya udongo ni ya serikali. Utah na Idaho ni zaidi ya 60 kwa 100. Mara nyingi mutu mwenye permi na etiketi anaingia kule kuwinda bila kulipa mwenye udongo.

Lakini si udongo wote wa serikali. Kwa kawaida, mu mbuga za taifa kama Yellowstone na Grand Canyon hakuna kuwinda ayala. Udongo wa makabila ya kienyeji ya Marekani uko na sheria zake na permi zake. Kuingia bila ruhusa yao ni kosa. Shamba la mutu linaomba ruhusa ya mwenyewe, na mu majimbo mengine hata bila bango, mwenye kuingia ndiye analaumiwa.

Wyoming iko na sheria ingine ya kipekee: mugeni haruhusiwe kuwinda munyama mukubwa ndani ya pori lenye serikali ililitangaza kuwa la asili kabisa bila barabara, isipokuwa na kiongozi wa kazi hiyo, ao mukaaji wa Wyoming mwenye alichukua karatasi ya bure ya kumusindikiza. Ndugu mwenye anaishi Cheyenne anaweza kuwa dawa ya tatizo hilo. Mutu mwenye hakujua anaweza kununua etiketi ya zoni yenye nusu yake ni pori la namna hiyo, na kubaki kusimama kwenye mupaka.

Mu majimbo hayo kuko pia maeneo yenye yamegawanywa kama ubao wa dama: kipande cha serikali, kipande cha mutu, kipande cha serikali. Kwa miaka mingi watu walibishana kama kukanyaga kutoka pembe ya kipande kimoja cha serikali kwenda kingine ni kuingia kwa mutu. Kesi ya wawindaji 4 wa Missouri, yenye ilianza 2021 kule Elk Mountain, Wyoming, ilifika kwenye tribinali ya rufaa ya duru ya 10, yenye ilisema mwaka 2025 kwamba wawindaji walikuwa na haki. Uamuzi huo unashika Wyoming, Colorado, Utah na New Mexico kati ya majimbo mengine. Haushike Montana wala Idaho.

Kwa vile, ramani ya zoni haitoshi. Lazima ramani yenye kuonyesha mwenye udongo, na simu yenye inaweza kuifungua bila rezo.

Theluji, mulima na njia za wanyama

Ayala anahama. Wakati wa joto anapanda juu; theluji ikianguka anashuka kwenye mabonde makavu. Mu Wyoming, watafiti walionyesha mwaka 2014 kwamba kundi moja linatembea karibu kilomita 240 kutoka jangwa la Red Desert mupaka bonde la Hoback, na kurudi. Kwa hiyo zoni yenye kujaa wanyama mwezi wa 9 inaweza kuwa tupu mwezi wa 11, na ile ya chini inajaa. Etiketi inataja siku. Lazima kuuliza siku hizo wanyama wanakuwa wapi.

Theluji inaweza pia kuua. Mu kipindi cha baridi cha 2022–2023, mangaribi ya Wyoming ilipoteza wanyama wengi sana. Mu kundi la Wyoming Range, karibu watoto wote wenye walivalishwa mikufu ya redio walikufa. Kisha mwaka kama ule, ofisi inapunguza etiketi, na hesabu za nyuma zinakuwa uongo. Mutu mwenye anachagua kwa kusoma ushindi wa 2021 peke yake angelipia pori lenye limekauka.

Mwili pia unahesabika. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1 500 juu ya bahari. Mu Colorado, wawindaji wengi wanalala kwenye metre 2 500 na kupanda mupaka 3 000 na zaidi. Baridi ya usiku inashuka chini ya sifuri. Kubeba nyama ya ayala dume kutoka bonde, kilo 30 bila mifupa, kisha kilomita 6 za kupanda, ni mambo ya siku nzima. Mutu wa kwenda peke yake ni muzuri achague fasi yenye barabara iko karibu, hata kama hesabu za ushindi ni kidogo.

Ugonjwa na safari ya nyama

Tangu 1967, wakati ulionekana mara ya kwanza kwenye ayala wa kituo cha utafiti kule Fort Collins, Colorado, kuko ugonjwa wa kudhoofisha wenye unashika ubongo wa wanyama hawa. Unaletwa na proteini yenye kuharibika inayoitwa prioni. Munyama anakonda, mate yanatoka, kisha anakufa. Lakini kwa miezi mingi anaonekana muzima. Leo ugonjwa huo umeonekana mu majimbo zaidi ya 30. Idaho iliuona mara ya kwanza mwaka 2021.

Hakuna mutu mwenye alijulikana kuupata. Hata hivyo, wakubwa wa afya wa Marekani wanashauri kupimisha munyama mwenye alitoka eneo lenye ugonjwa, na kutupa nyama ikiwa jibu ni ndiyo. Kupika hakuui prioni. Kuweka mu barafu pia hapana. Familia za Beni, Butembo na Mangurujipa, zenye zilipitia Ebola ya 2018–2020, zinajua uzito wa swali la nyama ya pori. Ugonjwa huu si Ebola, lakini zoezi ni lilelile: kutokula mbele ya jibu.

Jambo hilo linaingia mu uchaguzi wa fasi kwa njia mbili. Ya kwanza: zoni yenye ugonjwa mwingi inaweza kumaanisha kutupa nyama yote ya safari. Ya pili: majimbo mengi yanakataza kuingiza munyama muzima kutoka jimbo lingine. Ubongo na mufupa wa mugongo vinabaki fasi munyama aliuawa, ao vinatupwa fasi yenye ilipangwa. Nyama inasafiri bila mifupa, fuvu likisafishwa. Kutoka Salt Lake City mupaka Boise ni karibu kilomita 545. Mwenye kuwinda Utah na kurudi Idaho anafuata sheria za majimbo yote mawili, pamoja na yale yenye anapitia.

Bunduki na karatasi za uhamiaji

Hapa kosa linaweza kuzidi bei ya nyama. Kwa sheria ya taifa, mukimbizi mwenye alipokelewa rasmi na mutu mwenye karatasi ya ukaaji wa kudumu hawakatazwe bunduki ya kuwinda kwa sababu ya uhamiaji. Mutu mwenye hana karatasi halali anakatazwa kabisa, hata kuishika tu mukononi mwa rafiki. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo ao ya matembezi, anakatazwa pia, isipokuwa mu mambo machache, kama kuwa na permi halali ya kuwinda. Kosa la bunduki linaweza kumupelekea mutu kufukuzwa inchi. Kwa hiyo, mwenye karatasi zake zingali kwenye mutumba wa ofisi aulize avoka mbele ya kuuliza muuza-bunduki.

Makosa ya kuwinda nayo yanavuka mipaka. Majimbo karibu yote yako mu mapatano yenye yanafanya kwamba mwenye alinyanganywa haki ya kuwinda mu jimbo moja anainyanganywa mu mengine. Na sheria ya taifa ya mwaka 1900, inayoitwa Lacey, inageuza kuwa kosa la taifa kuvusha mupaka wa jimbo munyama mwenye aliuawa kwa kuvunja sheria. Kutumia etiketi ya shemeji kwa sababu «yeye hana wakati» ni kosa la namna hiyo, etiketi haiazimwe.

Mavazi pia yanapangwa. Wakati wa musimu wa bunduki, Colorado inaomba rangi kali ya machungwa ao ya waridi juu ya kiuno, pamoja na kofia. Idaho haiiombe kwa kila mutu. Lakini risasi haiulizi jimbo gani, na wawindaji wengi wanaivaa fasi zote.

Mupangilio wa kuamua

Wenye wamezoea safari hizo wanafuata mustari huu. Mwezi wa 1 na wa 2: kuamua kama wanatafuta nyama ao pembe, na feza ni ngapi pamoja na mafuta, chakula na siku za kazi zenye hazilipwe. Kisha kuondoa majimbo yenye hawawezi kupata etiketi mwaka huo. Kati ya yale yenye yanabaki, kuchagua zoni 3 kwa hesabu za miaka 5. Kuondoa zile zenye udongo wa serikali ni kidogo ao haufikike. Kuuliza mutaalamu juu ya baridi ya mwaka huo na ugonjwa. Kutuma ombi. Wakati wa joto, kama feza inaruhusu, kwenda kuona fasi siku mbili. Kama hapana, kuchagua kwenye ramani fasi 5 za kukaa na jumeli, kusudi kama watu wengine wamejaa ya kwanza, kuko ya pili.

Tuseme baba wa watoto watano anaishi Twin Falls tangu miezi 3, na anataka nyama ya mwaka. Kwa mustari huu, jibu lake linaweza kuwa: mwaka huu kufanya masomo ya usalama, kusindikiza rafiki bila bunduki, na kungojea kuwa mukaaji. Mwaka kesho, kwa dola chache, atawinda karibu na nyumba. Dada yake mwenye anaishi Denver tangu miaka 6 anaweza kuwa na pointi, gari na likizo. Yeye anaweza kuvuka kwenda Wyoming. Fasi muzuri ya mumoja si fasi ya mwingine.

Na kwa familia zenye kubaki huku, mara ijayo picha ikifika, kuko swali muzuri kupita «ulimupata wapi?». Ni hili: etiketi ilikuwa ya zoni gani, na majibu ya kupima nyama yamekwisha kutoka? Mwenye anaweza kujibu yote mawili anaweza kulala usingizi.